UZI: Sauti imegoma kwenye PC uliyojiundia? Ijue chipu yako kwanza, draiva baadaye

FundiWaIlazo

Wakuu, mbukwenyi.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenzetu wanaojiundia PC nyumbani. Mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) imetoka Kariakoo, kesi imeletwa na basi, RAM imechomolewa kwenye mashine ya shemeji, halafu siku ya kuwasha kila kitu kinaitika isipokuwa sauti. Hapo mtu anaanza kushusha draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) moja baada ya nyingine mpaka bando linakata, na mwisho wa siku mashine ina draiva kadhaa zinazogombea chipu moja. Ndiyo hali ninayoletewa hapa Ilazo, Dodoma, karibu kila wiki.

Msimamo wangu ni huu, anayetaka kubisha abishe: kwenye mashine ya kuundwa, draiva ni mshukiwa wa mwisho. Kabla yake kuna bayosi (mipangilio ya mashine kabla Windows haijaamka), kuna waya wa paneli ya mbele, na kuna Windows yenyewe kupeleka sauti mahali ambapo hakuna spika. Na kama sauti yako inatoka safi, usiguse. Draiva ya sauti haifanani na ya kadi ya picha, ambayo gemu jipya linaweza kukulazimisha uisasishe. Ya sauti unaigusa ukihama toleo la Windows, ukibadilisha mazabodi, ukisikia kasoro kwa masikio yako, au mtengenezaji akitangaza ameziba tundu la usalama. Basi.

Sauti ya kwenye mazabodi ina vipande viwili. Kuna kidhibiti kilichomo ndani ya chipseti (chipu ya mazabodi inayounganisha vifaa na prosesa) au ndani ya prosesa yenyewe, na kuna chipu ndogo iitwayo kodeki, ambayo ndiyo inageuza namba kuwa umeme wa kwenda kwenye spika. Mpangilio huu unaitwa HD Audio. Intel waliutoa mwaka 2004 kuchukua nafasi ya AC'97. Kodeki nyingi ni za Realtek. Chungulia karibu na matundu ya sauti utaona kachipu ka mraba kenye alama ya kaa, na maandishi kama ALC887, ALC892, ALC897 au ALC1220. Mazabodi za bei kubwa hukifunika kwa kibati. Usihangaike na bisibisi, Windows itakutajia.

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Start, chagua Device Manager, fungua kundi la Sound, ingia Properties za kifaa, kisha Details, kisha Hardware Ids. Utakuta mstari wa namna hii:

HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0897&SUBSYS_1458xxxx

Usiogope urefu wake. VEN ni ukoo wa chipu: 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel. DEV ni chipu yenyewe, hapo ni ALC897. SUBSYS inaanza na namba ya aliyetengeneza mazabodi: 1458 ni Gigabyte, 1043 ni ASUS, 1462 ni MSI, 1849 ni ASRock. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa sana. Kila kampuni inaunganisha matundu yake na chipu kwa mpangilio wake, kwa hiyo draiva ya ALC897 ya mazabodi ya jirani inaweza kuingia kwako bila kulalamika na bado tundu la mbele likawa bubu.

Kwa hiyo unaingia kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi, unatafuta jina kamili pamoja na toleo lake (soma kwenye kona ya mazabodi, rev. 1.0 na rev. 2.0 zinaweza kuwa na kodeki tofauti), unashusha draiva ya chipseti kwanza na ya sauti baadaye. Baada ya kuziweka chagua Restart, siyo Shut down. Windows ya siku hizi ina kitu kinaitwa Fast Startup: ukiizima, inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha ilivyokuwa. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Nimeona watu wakilaani draiva nzima kwa sababu walizima na kuwasha.

Kama kwenye orodha hakuna kifaa cha sauti hata kimoja, usishushe chochote bado. Ingia bayosi, tafuta HD Audio Controller, hakikisha iko Enabled. Ukikuta Multimedia Audio Controller yenye alama ya njano kwenye mashine ya Intel, mara nyingi inayokosekana ni draiva ya Intel Smart Sound, wala si ya Realtek. Na baadhi ya mazabodi mpya zina ALC4080 ambayo ndani kwa ndani imeunganishwa kwa njia ya USB, hivyo mstari wake utaanza na USB\VID badala ya HDAUDIO. Ukimtafuta mwenye HDAUDIO utakesha.

Karibuni. Mwenye tatizo aweke namba yake ya chipu na jina la mazabodi, tusibahatishe.

kambi_ya_nzuguni

Nimeweka kambi. Ngoja waje wenye mashine zinazoumwa.

Mwanachuo_UDOM

Mkuu FundiWaIlazo shukrani. Mashine yangu ni Ryzen 5 na kadi ya NVIDIA, nimeiunda mwenyewe hosteli. Alama ya sauti ipo, kile kimstari cha kijani kinapanda na kushuka muziki ukipiga, ila spika kimya. Nimeshaondoa draiva na kuirudisha, hola.

FundiWaIlazo

Mdogo wangu, kimstari kikicheza maana yake sauti inatoka, ila inaelekea kusiko. Una monita ya HDMI? Kadi ya picha nayo ina kifaa chake cha sauti (ile VEN_10DE), na Windows mara nyingi inakifanya hicho kuwa cha kwanza. Monita yako haina spika, kwa hiyo muziki unaishia hapo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, chagua Speakers za Realtek, bofya Set Default. Usikifute kile cha NVIDIA, kitakufaa siku ukichomeka TV.

Mwanachuo_UDOM

Imeitika hapo hapo! Ila kuna lingine, nikiwa kwenye kikao cha mtandaoni muziki na video zingine zinashuka sauti zenyewe.

FundiWaIlazo

Hiyo imewekwa makusudi. Dirisha lile lile, kichupo cha Communications, utakuta imechaguliwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 pindi simu ikiingia. Weka Do nothing.

Kizota_Boy

Mimi nitabisha kidogo. Natumia programu ya kusasisha draiva zote kwa mara moja, mwaka wa pili huu, sijawahi kupata shida. Mnawatisha watu na manamba ya VEN sijui DEV, mtu ana kazi zake bana.

FundiWaIlazo

Kaka, kutopata shida ni heri yako na sikunyang'anyi. Ila elewa inavyofanya kazi. Baadhi ya programu hizo zinatazama VEN na DEV, zikikuta toleo lenye tarehe mpya zinalipachika, SUBSYS hazina habari nayo. Kwa kadi ya mtandao inaweza isidhuru. Kwa sauti, ambako kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa matundu, unaondoa draiva iliyoshonwa kwa mwili wa mazabodi yako unavaa ya dukani. Halafu zile za bure zinakuja na wageni: mara kivinjari kipya, mara antivairasi ya majaribio.

Na upya wenyewe siyo dawa. Januari 2025 sasisho la Windows lilizima DAC nyingi za USB (vifaa vya nje vya kutolea sauti), Device Manager ikawa inaandika Code 10, mpaka lilipotolewa sasisho jingine la kutibu. Waliokuwa na kazi ya kurekodi wiki ile wanaikumbuka.

Kizota_Boy

Hapo kwenye antivairasi ya majaribio umenipata, inanipigia kelele kila asubuhi nilipie. Sawa mkuu, nasoma.

Dada_wa_Nkuhungu

Habari zenu. Mimi nahariri video za harusi na send-off, mashine niliundiwa na kijana mmoja hapa mjini. Nilihama Windows 10 kwenda 11 baada ya kusikia kwamba Microsoft wameacha kuihudumia 10 tangu 14 Oktoba 2025. Sasa nikifungua ile programu ya Realtek Audio Console inaniandikia Cannot connect to RPC service. Sauti inatoka, lakini maiki ya nyuma haisikiki na siwezi kupanga chochote. Mazabodi ni ya Gigabyte, DEV_0892.

FundiWaIlazo

Dada, karibu sana, na asante kwa kuweka namba. Tatizo lako nalijua.

Draiva za Realtek ziko za aina mbili. Za zamani ni HDA, zinakuja na kidirisha chao ndani ya faili moja, kile cha Realtek HD Audio Manager. Za sasa ni UAD: draiva inakuja peke yake, na kidirisha, yaani hiyo Audio Console, kinatoka Microsoft Store. Kati yao kuna mtumishi wa nyuma ya pazia, Realtek Audio Universal Service. Console inaongea naye, naye anaongea na draiva. Ujumbe unaouona ni wa Console kumwita mtumishi na asiitike. Ama amezimwa, ama hayupo kabisa kwa sababu draiva iliyobaki kwenye mashine ni ya HDA ilhali Console ni ya UAD. Kwa mtu aliyehama Windows bila kufomati, mara nyingi ni hilo la pili.

Kwanza fungua services.msc uone kama mtumishi huyo yupo. Akiwepo na amesimama, muanzishe, weka Automatic, washa upya mashine, pengine umemaliza. Kama hayupo, safisha:

Shusha kabisa draiva ya Windows 11 (au ya 10 yenye neno UAD au DCH) kutoka ukurasa wa mazabodi yako, uiweke kwenye diski. Kisha chomoa intaneti. Hapa wengi wanaruka halafu wanarudi kulia: ukifuta draiva ukiwa hewani, Windows Update inakurudishia ile ile kabla hujafumba jicho. Fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri) kwa mamlaka ya Administrator, andika

pnputil /enum-drivers

Itakutolea orodha ndefu. Tafuta za Realtek zenye Class ya MEDIA, na nyingine zenye maneno Extensions au SoftwareComponent za Realtek hiyo hiyo ya sauti. Angalia usiondoe ya kadi ya mtandao, nayo ni Realtek mara nyingi. Kila moja ina jina kama oem12.inf. Zifute moja moja:

pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall

Weka namba yako, siyo 12 yangu. Washa upya. Utakuta Windows imeweka draiva yake ya kawaida, High Definition Audio Device. Jaribu maiki hapo hapo, kabla hujaweka mpya. Ikisikika na draiva hiyo ya kawaida, vifaa vyako ni vizima na tatizo lilikuwa la programu tu. Isiposikika, tuanze kutazama tundu na waya. Kisha weka mpya, Restart, rudisha intaneti, chukua Console kutoka Store.

Dada_wa_Nkuhungu

Ngoja nimalize kazi ya mteja ndipo niguse. Nitaleta majibu.

SautiYaKongwa

Mkuu, mimi ni mtu wa mitambo kanisani, huku Kongwa. PC tumeiunda kwa ajili ya kurekodi kwaya na kupiga nyimbo siku za ibada. Nina matatizo mawili, sijui kama ni draiva. La kwanza, PC ikiunganishwa na mikisa kuna mngurumo, mmmmm, hauishi. La pili, tukirekodi inakatakata, tatata, hasa wanakwaya wakipandisha. Nimebadili draiva mara nyingi mno.

FundiWaIlazo

Mtumishi, hayo ni magonjwa mawili tofauti na usiyatibu kwa kidonge kimoja. Mngurumo usiobadilika ni umeme. Kukatakata ni muda, prosesa kuchelewa kufika mezani. Nianze na la pili kwa kuwa ndilo langu, la kwanza namwachia mtaalamu wa umeme, najua yumo humu.

Programu ya kurekodi inapokea sauti kwa mafungu, yanaitwa bafa. Ukiweka bafa ya sampuli 64 kwenye kasi ya 48000 Hz, mashine ina milisekunde 1.3 tu ya kushughulikia kila fungu. Ukiweka 512 inapata kama 10.7. Kuna kitu ndani ya Windows kikishikilia prosesa kwa milisekunde tatu, mwenye 64 anasikia tatata, mwenye 512 hana habari. Kwa hiyo panua bafa kwanza. Kwaya hairekodiwi kwa 64, labda mwimbaji anajisikiliza kupitia kompyuta, na hata huyo ni afadhali ajisikie moja kwa moja kwenye mikisa.

Kisha pakua LatencyMon, iache ikimbie wakati mnarekodi. Itakuonyesha faili la draiva linalochelewesha. Ukiona nvlddmkm.sys ni kadi ya picha. Ukiona ndis.sys ni mtandao, na kwa mashine za kuundwa mara nyingi ni kale ka-Wi-Fi ka USB. Kachomoe wakati wa kurekodi, uone. Tena hakikisha mashine iko kwenye mpango wa umeme wa High performance, na kasi ya sampuli iwe sawa kila mahali. Windows ikiwa 44100 na programu 48000 unajitafutia kesi.

Unaona draiva ya sauti yenyewe haijatajwa hata mara moja.

Fundi_Umeme_Miyuji

Nimeitwa. Huo mngurumo ni wa hertzi 50 au mara mbili yake, yaani umeme wa ukutani unapita kwenye njia ya sauti. Kinachotokea: PC imechomekwa soketi ya hapa, mikisa na amplifaya soketi ya upande wa pili wa ukumbi. Kila kimoja kina waya wake wa ardhi, na ardhi hizo mbili hazilingani. Waya wa sauti ukiziunganisha, mkondo mdogo unazunguka humo, spika zinauimba.

Kuthibitisha ni rahisi. Chukua laptop inayotumia betri, chaja imechomolewa, iunganishe na mikisa kwa waya ule ule. Mngurumo ukitoweka, jibu ni hilo. Dawa ya kwanza haina gharama: chomekeni PC, mikisa na amplifaya kwenye ekstensheni moja, soketi moja, mradi mzigo usiizidi. Ikibaki, nunueni kitenganishi cha waya wa sauti chenye transfoma ndogo ndani, au DI boksi (kiboksi cha kuunganishia kifaa na mikisa) yenye transfoma na swichi ya kutenga ardhi.

Msikate wala kuchomoa pini ya ardhi ya plagi. Nasema kwa sababu najua kuna mtu ataishauri hapa, na kweli mngurumo utaisha, lakini siku kifaa kikipata hitilafu ndani, anayeshika maiki ndiye atakuwa waya wa ardhi.

Niongeze la kwetu huku. Ardhi ya Dodoma na Singida kiangazi inakauka mpaka chini, na udongo mkavu wa kichanga haupitishi umeme vizuri. Ile nondo ya ardhi iliyopigwa masika ikapimwa ikafaulu, Septemba inaweza kuwa ya mapambo. Ukigusa kesi ya PC ukasikia inakutekenya vidole, ndiyo dalili: pawa saplai ina kapasita za kuchuja, zinapeleka kiasi kidogo kwenye bati, na kama ardhi haipo bati linaelea karibu na nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo sana, lakini sauti yako itachafuka na usalama haupo. Iteni fundi mwenye leseni ya EWURA aipime.

SautiYaKongwa

Duh. Kutekenywa vidole tulikuwa tunaona kawaida. Mbarikiwe.

Penguini_wa_Mpwapwa

Jamani na sisi wa Linux tupo. Nina Ubuntu na Windows kwenye mashine moja, ALC887. Nikitoka Windows kuingia Ubuntu kwa kuwasha upya, sauti hakuna. Nikizima kabisa nikawasha, mara ipo mara haipo.

FundiWaIlazo

Windows inaiacha kodeki katika hali yake, Linux ikifika inakuta chumba kimepangwa na mtu mwingine. Ndani ya Windows zima Fast Startup; njia ya mkato ni powercfg /h off kwenye Terminal ya Administrator, inaondoa na haibaneti (hibernate, mashine kulala huku ikihifadhi hali yake kwenye diski) yote. Baada ya hapo ukitaka kuhama, zima kabisa, zima na swichi ya pawa saplai nyuma, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe.

Upande wa Ubuntu anza na aplay -l uone kama kadi inaonekana. Ikionekana, fungua alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi ya Realtek, tafuta nguzo zenye MM chini yake. MM ni bubu, bonyeza M ifunguke. Na uangalie Auto-Mute Mode: ikiwa Enabled na mashine inadhani kuna hedfoni mbele, itanyamazisha spika za nyuma. Linux nyingi hazihitaji kushusha draiva ya Realtek popote, draiva ya snd_hda_intel imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) tayari. Anayekuuzia flashi ya draiva za Linux mkimbie.

Penguini_wa_Mpwapwa

Ilikuwa yote mawili. Auto-Mute inadhani kuna hedfoni, wakati tundu la mbele liko wazi kabisa.

Mzee_wa_Manyoni

Vijana hamjambo. Hiyo ya hedfoni isiyokuwepo hata kwangu ipo. Nimehamishia vitu kwenye kesi nyingine, ya mtumba, tundu la mbele halifanyi kazi, na nyuma napo panakatika.

FundiWaIlazo

Shikamoo mzee. Nawajibu na Penguini kwa pamoja.

Ndani ya tundu la mbele kuna kiswichi kidogo cha bati kinachohisi kama plagi imeingia. Vumbi letu hili jekundu likijaa humo, kinabaki kimebonyea na mashine inaamini hedfoni ipo. Kuanzia Juni upepo ukianza ndiyo msimu wake. Puliza kwa bloa ndogo mashine ikiwa imezimwa, ingiza plagi safi na kuitoa mara kadhaa. Ikishindikana, pamba nyembamba kwenye kijiti yenye aisopropili (spiriti ya kusafishia), uache ikauke.

Kwako mzee kuna la ziada. Kesi za zamani zina waya wa sauti wenye vichwa viwili, kimoja kimeandikwa AC'97 na kingine HD AUDIO. Chomeka cha HD AUDIO peke yake, kingine kifunge kwa zip-tai kisiguse kitu. Ukichomeka cha AC'97, nyaya za kuhisi plagi hazipo, mashine inababaika. Kama kesi ina AC'97 tu, kwenye kidirisha cha Realtek kuna sehemu ya kuzima kuhisi tundu la mbele.

Mahali pa kuchomeka, kila kampuni ina jina lake: F_AUDIO kwa Gigabyte, AAFP kwa ASUS, JAUD1 kwa MSI, HD_AUDIO1 kwa ASRock. Ni pini tisa, na nafasi isiyo na pini ni ya nane. Ya USB 2.0 nayo ina pini tisa na inafanana sana, ila yake nafasi tupu ni ya tisa, kwenye kona. Kichwa kisipoingia kwa ulaini usikisukume.

Mzee_wa_Manyoni

Marahaba. Nimekuta vyote viwili vinaning'inia, fundi wa awali alichomeka cha AC'97. Nimebadili, redio ya mtandaoni inasikika mbele na nyuma. Mungu awabariki.

Mjukuu_wa_Kondoa

Mimi mashine ni ya chipseti ya H61, ya zamani. Ukurasa wa mtengenezaji draiva zinaishia Windows 8.1. Nifanyeje na 10 yangu?

FundiWaIlazo

Usiweke ya 8.1 kwa nguvu. Ingia Windows Update, sehemu ya sasisho za hiari, uone kama kuna ya Realtek. Isipokuwepo baki na ile ya kawaida ya Microsoft. Unapoteza kidirisha cha kupanga matundu, sauti yenyewe utasikia sawa. Na kama kodeki imekufa kabisa, kadi ndogo ya sauti ya USB, ile ya bei ya chini, itakutoa. Mashine ya umri huo haidai zaidi.

Dada_wa_Nkuhungu

Nimerudi. Mtumishi yule hakuwepo, nikasafisha kama ulivyoelekeza. Nilikuta draiva za Realtek za matoleo tofauti zimelundikana. Maiki ilisikika na draiva ya kawaida, nikaweka mpya, Console inafunguka. Swali moja la mwisho: mimi huwa nafomati mara kwa mara, kuna namna ya kuzitunza hizi draiva nisishushe tena? Faili lile limekula bando langu lote.

FundiWaIlazo

Ipo. Tengeneza folda kwenye diski ya nje, tuseme D:\draiva, kisha kwenye Terminal ya Administrator:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Itakunakilia draiva zote ulizoongeza, siyo ya sauti peke yake. Ukishafomati, kabla hata hujaunganisha intaneti:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Halafu Restart. Console yenyewe utaichukua Store baadaye, hiyo haimo kwenye folda.

Dada_wa_Nkuhungu

Inanakili sasa hivi. Nikimaliza namwekea na mdogo wangu wa Singida kwenye flashi, mazabodi yake ni kama yangu, rev. ile ile, nimemwambia aisome mwenyewe kwenye kona.